Taa ya Kijani

Damu ilikuwa imekwisha kulowesha masuke ya mpunga na kuchora mstari mwembamba hadi kwenye kiwiko kabla Klementina hajajua kwamba amejikata. Aliyeona ni mama yake, Bi Angelina, aliyekuwa akivuna hatua chache mbele yake na kugeuka kuweka fungu chini.

"Mwanangu, umejikata!"

"Wapi?" aliuliza Klementina, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kukinunua.

Bi Angelina alimshika mkono, akachana pindo la khanga yake iliyochakaa, akakifunga kidole kwa nguvu. Mundu ulikuwa umeingia karibu na kifundo. Alipokaza fundo la mwisho alimtazama bintiye usoni, akingoja akunje uso. Uso haukukunjwa.

"Huumii?"

"Siumii sana."

"Mtu akatwe na mundu asiumie." Mama hakuuliza tena. Alichukua mundu kutoka mkono wa mwanawe, akaufuta kwenye majani, akauchomeka kiunoni mwake mwenyewe. "Kaa kwenye turubai. Wanaovuna tunatosha."

Klementina alikaa. Wiki ya tatu sasa tangu arudi Lupiro, na kila aliyemwona alimwona ana afya. Majirani walikuja kumpa pole ya safari na hongera ya kazi, wakamwita daktari, wakaeleza wageni wao kwamba huyu ndiye yule wa Ujerumani, anayefanya mambo ya mwanga. Aliwaitikia wote. Alikula alichopewa, alilala alipoonyeshwa. Usiku hakuota ndoto na mchana hakuwa na hamu ya jambo lolote. Mwenyewe alijihisi kama mguu uliokaliwa vibaya kwa muda mrefu: upo, unauona, lakini ukiugusa ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine.

Ganzi ile haikuanzia shambani. Ilianza Jumanne moja katikati ya Aprili, katika chumba kisicho na madirisha, saa nne na dakika chache asubuhi.

Kwa miaka tisa Klementina alikuwa akifanya kazi kwenye maabara moja huko Ujerumani, akianza kama mwanafunzi na kuishia kuwa kiongozi wa kikundi cha watu sita. Kazi yao ilikuwa kuukusanya mwanga wa leza hadi uwe mkali kupita kiasi, kisha kuuachia kwa muda mfupi mno ndani ya kijibomba cha gesi chenye urefu wa penseli. Mwanga ule ulizichomoa elektroni kutoka kwenye gesi, gesi ikawa plazma, na ndani ya plazma likazuka wimbi lililoufuata mwanga kwa nyuma. Elektroni zilizodakwa na wimbi hilo zilisukumwa hadi zikafikia nguvu ambayo mitambo mingine huifikia baada ya kuzikimbiza mamia ya mita. Wiki moja kabla ya Jumanne ile walikuwa wamepata matokeo ambayo hakuna mwenzao yeyote aliyewahi kuyapata kwa kijibomba kifupi kiasi kile. Walipeana mikono, mtu akaleta keki. Kilichobaki kilikuwa kurudia, kuthibitisha kwamba haikuwa bahati.

Mlango wa chumba kile ulikuwa na taa mbili, nyekundu ya hatari na ya kijani ya usalama. Leza ikiwa wazi, taa nyekundu huwaka na mlango hujifunga. Mtu akiufungua kwa lazima, leza hujizima yenyewe, na ikishajizima huchukua dakika arobaini kutulia tena. Asubuhi ile ilikuwa imejizima mara tatu. Mara ya nne Klementina aliingiza ufunguo wa matengenezo kwenye kisanduku cha ukutani, akauzungusha. Kwa ufunguo ule mlango haukujifunga tena, leza haikujizima ukifunguliwa, na taa ilibaki ya kijani hata leza ikiwa wazi. Alikusudia iwe hivyo dakika mbili tu, apange kioo kimoja.

Viktor aliingia katika dakika hizo mbili. Alikuwa fundi wa maabara, mtu wa miaka hamsini na tisa, aliyemfundisha Klementina kupanga vioo tangu siku ambazo hakujua hata kushika bisibisi yao ndogo bila kuiangusha. Taa ilikuwa ya kijani, kwa hiyo miwani ya kinga aliiacha shingoni. Aliinama kuangalia kitako cha kioo alichokifunga mwenyewe jana yake. Mwanga wa leza ile jicho halikuweza kuuona. Viktor alisema baadaye kwamba alisikia kitu kikipasuka ndani ya kichwa chake, kama punje ya bisi kwenye sufuria iliyofunikwa.

Tangu hapo jicho lake la kushoto liliona pembeni tu. Akimtazama mtu usoni kwa jicho hilo aliona masikio na nywele. Katikati palikuwa na tundu la rangi ya majivu.

Watu walipoingia mbio, Klementina alikuwa amekwisha kuuzungusha ufunguo na kuurudisha mahali pake. Kisanduku kilikuwa cha zamani, hakikutunza kumbukumbu. Tume ya usalama ilipomuuliza mfumo ulikuwa katika hali gani, aliandika neno moja: sikumbuki. Akapewa likizo apumzike, kwa kuwa kila mtu aliona kwamba ameshtuka.

Sasa ilikuwa mwezi wa Juni, na tume ilikuwa imemtumia rasimu ya taarifa. Alikuwa ameisoma kwenye simu, amesimama kando ya zizi la mbuzi. Ukurasa wa saba ulikuwa na maneno ya Viktor: "Nadhani taa ilikuwa ya kijani, ila huenda sikutazama vizuri." Chini yake tume ilikuwa inaelekea kuandika kwamba fundi aliingia bila kuzingatia ishara. Walimwomba Klementina ajibu kabla ya Ijumaa kama ana la kuongeza. Aliisoma sentensi ile ya Viktor mara nyingi, akingoja imchome. Mtu ambaye angeweza kukaa chumba cha pili na kukuambia pampu ipi imechoka kwa kuisikiliza tu, leo hakuwa na hakika na kile ambacho macho yake mawili mazima yalikiona. Maneno yalipita machoni mwa Klementina, hayakutua popote.

Jumatano kaka yake, Tadei, alipita na pikipiki kuchukua viroba viwili vya mpunga mpya vya kula nyumbani. Mashine ya kukoboa ilikuwa yake, kibanda cha mabati kando ya barabara iendayo Ifakara. Bi Angelina alisema, "Nenda na kaka yako. Ukikaa hapa unanitazama tu." Klementina akapanda.

Umeme ulikuwa umekatika. Wanawake walikuwa wamepanga viroba vyao kwenye foleni na kwenda kuketi kivulini. Tadei alikwenda kwa jirani kuuliza habari za umeme, na Klementina akabaki ndani na Fulgensi, mwendesha mashine, mtu mzima mwenye mvi za vumbi la pumba juu ya mvi za kweli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye vumbi." Alimpangusia gunia akae. "Mimi nakufahamu. Nilikuvusha mto kwa mtumbwi ukienda kidato cha kwanza, kabla ya daraja kujengwa. Ulikuwa na sanduku la bati, unalishikilia kama litaruka mtoni."

Klementina alitabasamu, kwa kuwa hapo palitakiwa tabasamu.

"Hii kazi yako ya mwanga," Fulgensi aliendelea, "kaka yako hajaweza kunieleza. Anasema mnakimbiza vitu. Mnavikimbizaje?"

Akamweleza, kwanza kivivu. Kisha, kwa kuwa mzee yule alikuwa mtu wa mto, akamwambia kwamba mwanga ni kama boti ya injini inayopita kwa kasi, gesi ni maji, na elektroni ni mtumbwi mdogo ulio nyuma, unaodakwa na wimbi la boti.

"Unakwenda bila kasia," alidakia Fulgensi.

"Bila kasia."

"Tulikuwa tunafanya hivyo boti za wawindaji zilipopita. Lakini si popote. Ukitangulia kidogo, wimbi linakuacha. Ukichelewa kidogo, linakuinamisha, maji yanaingia. Kuna mahali pake, padogo kama hivi." Aliinua mkono wa kulia kuonyesha, na Klementina akaona kwamba mkono ule ulikuwa na kidole gumba na cha shahada tu. Vingine vitatu viliishia mahali pamoja, sawasawa, kama vilivyopimwa kwa rula.

Mahali pale padogo palimgharimu Klementina na wenzake miaka miwili kupapata. Wakati mwingine angecheka kwa furaha kumsikia mtu akipataja hivyo, amekaa juu ya gunia. Sasa alitazama vidole.

"Mkono ulipatwa na nini, baba?"

"Mkanda," alisema Fulgensi, akiuteremsha mkono bila haraka. "Uzembe wangu. Nilitazama pembeni."

Klementina alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kutazama mitambo na kujiuliza kimepungua nini. Macho yake yalikwenda yenyewe. Kwenye fremu ya mashine, pale mkanda ulipozunguka kutoka kwenye mota, palikuwa na matundu manne ya bolti, yamejaa kutu. Nyuma ya magunia matupu, chini kabisa, ulionekana ukingo wa kibati kilichopindwa kufuata mviringo wa gurudumu. Kilikuwa na matundu manne.

Umeme uliporudi wakakoboa, wakaondoka. Njiani Klementina alimgusa kaka yake bega, akamwomba asimame. Tadei alisimamisha pikipiki kando ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mahali ambapo ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wameingizwa kula mabua.

"Ile kinga ya mkanda nani aliitoa?"

Tadei alizima injini. "Umekuja kuvuna au kukagua?"

"Nauliza tu, kaka."

"Ilikuwa inachelewesha." Aliongea akiwatazama ng'ombe. "Mkanda unateleza mara tano kwa siku. Kila ukiteleza unafungua bolti nne, unaurudisha, unafunga bolti nne. Watu wako nje wanalalamika. Nikaitoa siku moja, nikasema jioni nitairudisha."

"Fulgensi anajua ni wewe?"

"Siku ile alikuta imeshatoka. Hajawahi kuuliza."

"Na wewe hujawahi kumwambia."

"Nilimpeleka hospitali kwa pikipiki hii hii. Nikambakiza kazini, wengine wangemfukuza. Mtoto wake alipooa nilitoa mchele wote wa harusi."

"Sikukuuliza hayo, kaka."

 Mchungaji mmoja alipita akawasalimu, wakamwitikia wote wawili kwa pamoja, kwa adabu, kama watu wasio na lolote.

"Miaka sita, Tina," alisema Tadei hatimaye. "Mwanzoni unajiambia nitasema kesho. Kila asubuhi anakuja, anasema za asubuhi bosi, unaona leo siyo siku yake. Halafu inafika siku unaona kidonda hakikuumi tena. Unasema basi, kimepona." Alikwangua tope kwenye tangi la mafuta kwa ukucha. "Baba alipofariki, wewe ulikuwa unalia kwenye simu huko, mpaka Mama akakukatia. Mimi ndiye niliyeshika jembe, nikachimba, nikashuka ndani kumpokea. Sikutoa hata chozi moja. Watu wakasema Tadei ni mwanaume. Mwanaume gani? Nilikuwa nalitafuta hilo chozi, silioni. Kitinda mimba wangu alipozaliwa, vivyo hivyo. Nikamshika, nikaona mtoto. Basi."

Klementina alikitazama kidole chake chenye kitambaa cha khanga. Alikibonyeza kwa kidole gumba, akabonyeza zaidi. Damu mbichi ikajitokeza kwenye kitambaa. Aliiona.

"Kaka," alisema, "mimi pia nina mtu."

Akamsimulia. Tadei hakujua leza ni nini sawasawa, lakini ufunguo alijua ni nini, na taa alijua ni nini, na dakika arobaini alizielewa kuliko mtu yeyote ambaye Klementina angeweza kumsimulia. Hakumpa pole wala hakumlaumu. Klementina alipomaliza, aliwasha pikipiki, na kabla ya kuondoka akasema, bila kugeuka, "Wa kwako ana miezi miwili tu."

Alhamisi asubuhi Klementina alitembea kwa miguu hadi mashineni kurudisha ungo wa mashineni uliochukuliwa kwa kusahau. Mashine ilikuwa imezimwa ingawa umeme ulikuwapo, na wanawake wa foleni walikuwa wakinong'onezana. Ndani, Tadei alikuwa amepiga magoti kando ya mota, kibati kilichopindwa kikiwa kifuani mwake, anakilazimisha kukaa mahali pake. Fulgensi alichuchumaa kando, bolti ziko kwenye kiganja cha mkono wenye vidole viwili, anampa moja moja. Hawakuwa wakisemezana. Kama walikuwa wamekwisha kusema, au hawakuwa wameanza, Klementina hakuweza kujua. Bolti ya tatu ilipofika zamu yake, kiganja cha Fulgensi kilijifumba, hakikuitoa. Tadei alingoja mkono wake ukiwa wazi. Alingoja vile kwa muda, kichwa kimeinama, kisha kiganja kikafumbuka.

Klementina aliuweka ungo mlangoni, akaondoka.

Alikwenda hadi kwenye ukuta mfupi wa zahanati ya zamani, mahali ambapo mtandao ulishika vizuri, akaketi. Aliandika kwa Kijerumani, kwa sentensi fupi. Kwamba alikumbuka. Kwamba ufunguo wa matengenezo ulikuwa umewekwa, na aliyeuweka ni yeye. Kwamba taa ilikuwa ya kijani, na Viktor alitazama vizuri. Kwamba aliurudisha ufunguo kabla watu hawajafika. Alijua barua ile ingefanya nini: kikundi kingepewa mtu mwingine, na jina lake lingetoka kwenye mlango ule, pengine kwenye kazi ile yote. Aliyapima hayo kama anayeinua gunia la mtu mwingine, hakusikia uzito. Akatuma.

Kisha akampigia Viktor, kwa kuwa hakutaka aisome kwenye karatasi ya watu wengine.

"Ni mimi," alisema.

"Nimeona namba ndefu, nikajua." Sauti ya Viktor ilikuwa ile ile, nzito, ya mtu anayeongea huku akitafuta kitu mezani. "Nyumbani hawajambo? Mmemaliza kuvuna?"

"Bado kidogo. Viktor, taa ilikuwa ya kijani."

Akamwambia yote aliyoiandikia tume. Viktor hakumkatiza. Alipofika mwisho, kule upande wa pili pumzi ndefu ikashushwa.

"Kwa hiyo ilikuwa ya kijani," alisema Viktor.

"Ilikuwa ya kijani."

"Mke wangu nimemwambia mara mia, nikaishia kumwambia labda sivyo. Nilianza kujipima. Nasimama kwenye taa za barabarani, nafumba jicho bovu, najiuliza, hii ni rangi gani? Namwuliza na mtu aliye karibu." Kule kidole kikagonga meza. "Kijani. Haya."

Klementina alidhani imekwisha. Alikuwa ameandaa neno la kuaga.

"Kitu kimoja," alisema Viktor. "Niligonga mlango. Nakumbuka niligonga, mara mbili, kama kawaida yangu. Hilo tume hawakuniuliza."

"Uligonga."

"Na mtu akaniambia ingia."

"Ni mimi niliyesema ingia."

"Uliposema ingia, ulikuwa umesahau kwamba leza iko wazi?"

Lile neno lake la zamani lilikuwapo, karibu kabisa na ulimi, tayari. Sikumbuki. Barabarani bodaboda ilipita na mwanamke aliyepakata kuku wawili, naye akampungia mkono daktari wa Ujerumani. Klementina hakumpungia.

"Nilisema ingia nikiwa nimesahau," alisema. "Ulipofungua mlango nikakumbuka. Nikaona unainama. Nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele." Alishangaa kusikia maumivu kooni, makali, kama ya mtu aliyemeza mwiba wa samaki. "Nikawaza kwamba nikipiga kelele, utauliza kwa nini taa ni ya kijani, na utauona ufunguo. Nikasita."

"Muda gani?"

"Sekunde moja. Pengine haikufika."

Wote wawili walijua, kuliko watu wengi duniani, sekunde moja ina ukubwa gani. Walikuwa wamepata riziki yao kwa kuigawa vipande ambavyo havina majina katika lugha ya mama yake Klementina, na katika kimoja cha vipande hivyo, kidogo kuliko vyote, maisha yote ya kitu yaliweza kuanza na kwisha.

 Klementina aliibana simu kati ya sikio na bega, akaiweka mikono yote miwili katikati ya magoti. Alitaka kusema nisamehe, lakini neno lilionekana dogo na la haraka, kama la mtu anayekimbilia kumaliza. Akangoja simu ikatwe.

"Usikate," alisema Viktor.

Huko kwake kiti kiliburutwa sakafuni. Klementina alimsikia akikaa, taratibu, kwa pumzi ya mzee, kisha akasikia saa ya ukutani ya nyumba ile, ambayo aliwahi kuiona mara moja tu alipoalikwa chakula. Mmoja kati yao ilimpasa kusema neno linalofuata. Jua la Lupiro lilikuwa limefika kwenye ukuta na kumwangukia shingoni, linachoma, naye hakuinuka kulikimbia.